Moto Usiotoa Moshi

Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shule, Cadette alishuka na baba yake Zéphirin hadi ufukweni kupokea chisense, vile visamaki vyembamba vinavyong'aa kama sindano. Siku za jua waliwaanika juu ya nyavu kuukuu. Lakini Novemba ilipoleta mvua Nchelenge, mji wao wa kando ya ziwa, samaki walihamia kwenye kibanda cha matofali nyuma ya nyumba. Katikati yao likawekwa jiko la makaa, mbabula, ili wakauke kabla hawajaoza.

Baada ya shule Cadette alikaa kibandani kugeuza samaki na kulinda mlango usifungwe.

"Uache wazi kabisa," mama yake Clémentine alimsisitizia. "Unyevu utoke."

Cadette, mwenye miaka kumi na miwili, aliona hiyo ni kazi ya kuchosha. Mlango ukiwa wazi, upepo wa ziwa uliingia na joto likatoka, naye alitaka kuwahi mazoezi ya kwaya. Siku moja aliufunga, akaziba upenyo wa chini kwa gunia ili joto libaki, akaenda zake. Tangu hapo alifanya hivyo kila mvua iliponyesha. Aliporudi kugeuza samaki kichwa kilimgonga, lakini alijiambia ni njaa.

Ndipo shangazi yake Angèle, ambaye watoto walimwita Tantine, alipokuja likizo kutoka ng'ambo. Alikuwa mhandisi wa injini za ndege, na kazi yake hasa ilikuwa kuchunguza jinsi mafuta yanavyoungua ndani ya injini hizo.

Jirani yao, Mama Chouchou, aliposikia hivyo alicheka hadi kitenge kikamlegea. "Weee Angèle! Masomo yote hayo, kujifunza kuwasha moto? Mimi nawasha na mutoto mgongoni!"

"Kuuwasha unajua, Mama Chouchou," Angèle alijibu huku akicheka. "Mimi nautafuta unapogeuka adui."

"Unageuka lini, Tantine?" Cadette aliuliza.

"Ukinyimwa hewa. Moto unapumua kama wewe."

Cadette aliinuka akaenda kugeuza samaki.

Kesho yake kuku mweupe alikutwa amekufa kibandani. Hakuwa na jeraha wala tone la damu. Zéphirin alimgeuza kwa mguu, akamtazama kwa muda mrefu.

"Kuna mkono wa mtu," alisema kwa sauti ya chini, macho yake yakiwa kwenye ua wa Mama Chouchou. Siku chache kabla walikuwa wamegombania mahali pa kuanika samaki.

Mchana wingu jeusi lilitanda juu ya ziwa Mweru, maji yakawa na rangi ya risasi. Cadette alifunga mlango, akasukuma gunia chini yake, akakimbilia kwaya. Hakuona kwamba mdogo wake Dédé, wa miaka mitano, alikuwa amefuata joto na kulala nyuma ya vikapu.

Aliporudi alimkuta amejikunja, ametapika, shingo imelegea. Cadette alitupa gunia pembeni, akausukuma mlango hadi mwisho. Kisha akapiga kelele.

Walimbeba hadi nyumbani. Angèle alimfunua macho, akamsikiliza anavyopumua.

"Alikuwa kibandani, na makaa yanawaka?" aliuliza. "Cadette, mlango ulikuwa wazi?"

Wote walimgeukia.

"Ndiyo, Tantine. Wazi."

Angèle alikunja uso. "Basi sielewi. Naita gari, tumpeleke hospitali."

"Mimi naelewa!" Zéphirin aling'aka. Alichukua mchi wa kutwangia akatoka. "Kwanza kuku, sasa mwanangu! Mama Chouchou! Toka nje!"

Angèle alimkimbilia kaka yake. Mvua ilianza tena, nzito na baridi. Dédé alitetemeka mikononi mwa mama yake.

"Anahitaji joto wakati nasubiri gari," Clémentine alisema. Akambeba akaingia naye kibandani, akauvuta mlango nyuma yake.

Cadette alibaki peke yake barazani. Upande mmoja mchi ulikuwa ukigonga uzio wa jirani, na watu wakianza kukusanyika. Upande wa pili kibanda kilikuwa kimya. Hapakuwa na moshi wala harufu mbaya, ila mlango uliofungwa, na nyuma yake mama na Dédé.

Akakimbia kwenye mvua.

"Tantine! Nimedanganya! Nilifunga, nikaziba kwa gunia, kila siku! Na mama yuko ndani sasa hivi, amefunga!"

Angèle alifika kibandani kabla sentensi haijaisha, akaupiga mlango teke. Clémentine alikuwa ameketi sakafuni, kichwa kimeegemea ukuta. Zéphirin, aliyewafuata mbio, alitupa mchi wake, akamtoa mkewe. Aliyembeba Dédé hadi kwenye gari lililokuwa limefika, akiteleza matopeni, alikuwa Mama Chouchou.

Hospitalini waliwekewa oksijeni. Jioni Clémentine aliweza kuongea, na asubuhi Dédé aliomba chai. Mama Chouchou aliingia na sufuria.

"Mchawi ameleta uji," alisema. "Nani anaogopa kula?"

Zéphirin aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mama. Nilikukosea mbele ya watu."

Angèle alimvuta Cadette karibu. "Makaa yakikosa hewa ya kutosha hutoa sumu," alimwambia. "Haionekani, hainuki, na inaua kimyakimya. Usilale na makaa yakiwaka, usiyafungie ndani. Lakini kuna sumu nyingine, Cadette. Kazini kwangu injini ikilipuka wakati wa majaribio hatumfukuzi mtu, tunajifunza. Anayetaja kipimo cha uongo ndiye anayefukuzwa, kwa sababu siku moja watu watapanda ndege juu ya uongo wake. Jana mama yako aliingia kibandani juu ya uongo wako. Kosa lako lilimwangusha Dédé. Neno lako la kweli ndilo lililowatoa."

Cadette alilia, na Angèle alimwacha alie.

Waliporudi nyumbani, Zéphirin aling'oa mlango wa kibanda pamoja na bawaba zake, akausimamisha uani.

"Unautupa?" Mama Chouchou aliita kutoka ng'ambo ya uzio. "Choo changu hakina mlango!"

Zéphirin aliubeba kichwani, akavuka nao kwenda kwa jirani. Cadette alifuata nyuma na misumari.