Aliye Chini Hunywa Kwanza

Kila alasiri baada ya masomo, Akai alivua sare, akaikunja vizuri, kisha akashuka Tarach na ndoo yake. Tarach ni mto, lakini usije na nyavu. Sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu unaopita kando ya mji wa Kakuma. Maji yako chini, na anayeyataka huyachimba.

Kisima cha kina Akai kilikuwa kirefu kuliko watu wawili. Mmoja alikaa chini akichota kwa kata, mwingine alisimama juu akivuta ndoo na kumimina kwenye hori la mbuzi. Nyanya yake, ambaye wote walimwita Ata, alikuwa na sheria moja tu ya kisima hicho: aliye chini hunywa kwanza. Mbuzi wangelia, wageni wangesubiri, hata Ata mwenyewe angesubiri.

Jumatano moja binamu yake Atabo alikuwa chini, Akai juu. Akai alikuwa akiimba, maana asubuhi alikuwa ameshinda shuleni.

Mwalimu Wasike, mtu wa Bungoma aliyewafundisha Gredi ya Saba Masomo ya Jamii, alikuwa amewapanga wawili wawili. Kila jozi iandae hotuba kuhusu watu wa historia walioamini kwamba mali ya nchi ni ya wote. Hotuba bora ingekwenda kwenye mashindano Lodwar siku ya Ijumaa. Akai alipangwa na Gatjang, mvulana mpole aliyetoka kambi ya wakimbizi. Kwa wiki mbili Gatjang alikwenda maktaba ya kambi, akasoma habari za Julius Nyerere wa Tanzania, aliyehubiri ujamaa, na Bildad Kaggia wa Kenya, aliyepoteza cheo serikalini kwa kuwatetea wasio na ardhi. Aliandika kurasa sita. Na Akai je? Akai alikariri. Kukariri alijua, hilo hatumnyimi.

Asubuhi hiyo ya mchujo Gatjang alilala nyumbani na malaria. Akai alisimama peke yake. Aliposema kwamba wanaoishi kwa jasho la wengine waliitwa kupe, darasa zima lilicheka, kwa sababu hakuna mtoto wa Kakuma asiyemjua kupe. Walimpigia makofi mpaka mbwa wa bawabu akabweka.

"Na Gatjang alifanya sehemu gani?" Mwalimu Wasike aliuliza.

"Gatjang ni mgonjwa, Mwalimu. Kazi nimeifanya mwenyewe."

Neno la kwanza lilikuwa kweli, na la pili likapita nyuma yake. Mwalimu aliandika jina moja. Akai alijituliza kwamba Gatjang, akiwa mkimbizi, hangeweza kutoka Kakuma bila kibali. Basi alikuwa amemnyang'anya nini?

Pale kisimani alikuja mzee mmoja na punda wawili.

"Ejok?" alisalimu kwa Kiturkana.

"Ejoka noi," Akai alijibu, akawamiminia punda maji mpaka wakatosheka.

"Asante, binti yangu. Umetuokoa."

"Usinishukuru mimi, baba. Mshukuru Atabo, yuko huko chini. Mimi napandisha tu."

Alisema hivyo bila kufikiri, kama alivyofunzwa tangu utotoni. Mzee akainama juu ya kisima, akamshukuru Atabo. Akai alibaki ameshika kamba. Aliona aibu kubwa, na wimbo wote ukamtoka.

"Akai, umelala huko juu?" Atabo aliita.

Alhamisi asubuhi alimsubiri Mwalimu Wasike mlangoni mwa ofisi. "Mwalimu, zile kurasa ni za Gatjang. Mimi nilizikariri tu."

Mwalimu alivua miwani. "Kwa nini hukusema jana?"

"Nilitaka niende Lodwar mimi."

"Ulisimama mbele yetu ukawasema kupe, Akai."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mwenye kazi ndiye atakayeamua. Saa ya chakula twende kwake."

Walimkuta Gatjang ameketi mkekani, amekonda, anakunywa uji. Akai alimwambia yote akitazama chini. Gatjang aliweka uji kando.

"Hata ile ya kupe ulisema ni yako?"

"Hata hiyo."

"Ile nilitafuta siku tatu."

Hakupaza sauti. Akai alitamani angegombezwa.

"Nitakuombea kibali leo, lakini sidhani kitatoka kufikia kesho," Mwalimu alimwambia Gatjang. "Kisipotoka, Akai aende, au tuache kabisa. Sema wewe."

"Aende," Gatjang alisema. "Lakini asome na ukurasa wa sita. Najua aliuacha. Aliuacha hata siku ya mazoezi."

Ilikuwa kweli. Ukurasa wa sita ulieleza kwamba vijiji vya ujamaa havikustawi kama ilivyotarajiwa, kwamba watu wengine walihamishwa bila kupenda, na kwamba baadaye Nyerere mwenyewe alikiri kuwa kulikuwa na makosa.

"Niliona utatuharibia," Akai alisema.

"Mtu mkubwa hivyo, na anasema tulikosea. Mimi nilimpenda hapo."

Kibali hakikutoka. Ijumaa Akai alisimama katika ukumbi wa Lodwar. "Maneno haya yamechimbwa na Gatjang, ambaye hayuko hapa," alianza. "Mimi nayapandisha tu." Alisoma kurasa zote sita. Akawa wa pili, akapewa kamusi mpya.

Jumatatu Gatjang alirudi darasani. Akai aliweka kamusi mbele yake, ikiwa bado ndani ya karatasi yake ya nailoni.

"Hujaifungua?"

"Kwetu aliye chini hunywa kwanza."

Gatjang aliifungua, akanusa karatasi, akasoma ukurasa wa kwanza bila haraka. Kisha akaisukuma katikati ya dawati, wasome wote wawili.

Mwalimu Wasike alikuwa akiwatazama. "Kuwasifu watu waliopenda usawa ni rahisi," aliliambia darasa. "Akai ameonja ugumu wake, na nampongeza kwa kurudi kusema kweli. Usawa huanzia kwa jirani wa dawati lako. Siku watu watakapokupigia makofi, kabla hujatabasamu, inama kwanza uangalie ni nani aliye chini anayechota."