Mashine Iliyochomolewa

Haya yalimpata shoga yangu, fundi wa kompyuta na mama wa mapacha. Tovuti aliyoitengeneza hupokea maombi ya wagonjwa, kisha huiita mashine iliyo chumba cha nyuma iwatafutie daktari, na kungoja jibu. Asubuhi moja miito yote ilikosa jibu. Bosi akampa hadi saa sita mchana awe amerekebisha, la sivyo afungashe virago.

"Mashine nimeikagua, dada, ni nzima," alisema mwenzake wa meza moja. "Kosa liko kwenye kazi yako. Hao mapacha hawakuachi ulale."

Alimwamini, maana ndiye aliyekuwa akimbebea mkoba wake ngazini mimba ilipomlemea.

Hata hivyo aliingia chumba cha nyuma na kompyuta yake ndogo. Hakina dirisha, na taa ilikuwa imeungua. Alipapasa ukuta hadi akaushika waya wa umeme wa mashine. Alipofungua kompyuta, kwa mwanga wake aliona umechomolewa ukutani, ukaviringwa vizuri na kufungwa kwa leso ambayo yeye mwenyewe alimzawadia yule kaka wa meza moja. Machozi yakamlengalenga.

Ili apate ushahidi, akatuma mwito mfupi wa majaribio: "Upo?"

Kimya. Hata feni haikuvuma. Akafungua mlango ili amwite bosi aje ajionee.

Nyuma yake, gizani, feni ya mashine ikaanza kuzunguka polepole. Plagi ya waya ule alikuwa bado ameishika mkononi. Akatazama kioo cha kompyuta yake. Kutoka kwenye mashine ile ulikuwa umeingia mwito: "Upo?"