Wimbo wa Tisa

Rafiki yetu mmoja, tuliyemwita Magitaa, alikuwa akitengeneza opera ya roki peke yake: nyimbo kumi na mbili, hadithi moja, sauti zote zake. Alijirekodi ndani ya kabati la nguo, gizani, ili kelele za mtaa zisiingie.

Nyimbo nane zilikwisha. Wa tisa ukamtoa jasho siku tatu. Kila akianza kuimba, mtu anagonga ukuta: ko, ko, ko. Mwishowe uvumilivu ukamwisha, akatoka kumfokea jirani. Akakuta mlango una kufuli.

"Dada, nani anagonga humo?" akamuuliza mwenye nyumba.

"Humo hamna mtu, mdogo wangu. Aliyekuwamo amehama tangu mwezi uliopita."

Akarudi kabatini amenuna. Safari hii akaongeza kasi ya mdundo, ambao aliusikia yeye tu kwenye hedifoni. Ko-ko-ko nayo ikaongeza kasi. Akapunguza, ikapungua. Akazima kila kitu, akavua hedifoni, akatulia gizani.

Kisha ukutani, taratibu, yakaanza kugongwa mapigo ya wimbo wa kumi, ambao bado ulikuwa kichwani mwake tu.