Viazi Chini ya Kiwanja

Kila Ijumaa baada ya mapumziko, Mwalimu Cassien alikaa kwenye dawati la nyuma na kuwaachia wanafunzi wa darasa la sita somo la historia. Mmoja wao aliongoza mjadala, wengine wakauliza na kujibu. Kanuni ilikuwa moja: kila habari inaposomwa, lazima waulize ni nani anayeisimulia na alikuwa wapi mambo yalipotokea.

Ijumaa hiyo ilikuwa zamu ya Natacha. Alikuja na kijitabu cha historia ya shule yao, iliyoko mtaa wa Nyamirambo. Kiliandikwa na babu yake, Mzee Telesphory, aliyefundisha hapo miaka mingi baada ya kurudi kutoka Tanzania. Natacha alisimama mbele na kusoma kwa majivuno:

"'Shule ilipohitaji kiwanja cha michezo, wenye mashamba walitoa ardhi yao kwa furaha.'"

"Si kweli!"

Wote waligeuka. Aliyesema ni Shami, msichana mpole ambaye hata kujibu maswali alijibu kwa kunong'ona.

"Bibi yangu alikuwa na shamba la viazi vitamu pale penye goli la chini," Shami alisema. "Trekta lilikuja viazi vikiwa bado ardhini. Hakuna aliyemwambia mapema. Alichimba kwa mikono huku trekta likisogea. Aliokoa kapu moja tu."

Mvulana mmoja alichungulia kiwanja dirishani kana kwamba anakiona kwa mara ya kwanza.

"Unamwita babu yangu mwongo?" Natacha alifoka. "Labda bibi yako ndiye mwongo!"

Shami aliinamisha kichwa, akalia.

Natacha alimtazama Mwalimu Cassien, akitumaini atamtetea. Mwalimu alisema tu, "Wewe ndiye kiongozi. Uliza swali letu."

Natacha aliligeukia darasa. "Babu… alikuwa wapi siku hiyo?"

Hakuna aliyejua. Yeye mwenyewe hakujua.

Jioni alimkuta babu yake barazani akisikiliza redio, akamweleza yote. Mzee Telesphory alizima redio.

"Nilikuwa mjini Huye," alisema. "Nilikwenda kufuata madawati. Niliporudi, kiwanja kilikuwa tayari. Mkuu wa shule aliniambia watu wametoa ardhi kwa furaha, nami nikaandika hivyo."

"Hukuwauliza wenyewe?"

"Sikuwauliza."

"Miaka yote hii, babu?"

"Miaka yote hii, mjukuu wangu."

Natacha alipigwa na butwaa. Alikuwa amejiandaa kumsikia babu akikasirika, akikana, akimwita Shami mtoto asiye na adabu. Lakini babu aliyeinama mbele yake hakuwa na la kujitetea. Machozi yalimtoka.

"Nami nimemwita bibi yake mwongo mbele ya darasa zima."

"Basi sisi sote wawili tuna kazi Jumatatu," alisema babu.

Jumatatu, kabla ya kengele ya kwanza, Natacha alimwomba Shami msamaha, akamsihi amlete bibi yake darasani. Saa nne, bibi yake Shami, Mukashema, aliketi mbele ya darasa akiwa amejifunga kitenge safi. Mzee Telesphory aliketi pembeni yake.

"Shule siichukii," alisema Mukashema. "Watoto wangu wanne wamesoma hapa. Lakini hilo neno 'kwa furaha' silitaki. Nani aliniuliza kama nimefurahi?"

Mzee Telesphory alivua kofia. "Nisamehe, mama. Nilipaswa kuja kwako kabla sijashika kalamu."

Kisha akawageukia wanafunzi. "Wanangu, sikukusudia kudanganya. Lakini nilisikiliza upande mmoja, nikauita historia ya wote. Kila anayesimulia huona kutoka pale aliposimama. Asipokwenda kuwauliza waliosimama kwingine, atawadhulumu hata bila kujua. Ninyi mmeuliza swali ambalo mimi, mwalimu mzima, sikuliuliza."

Alitoa kalamu, akafungua kijitabu chake na kukata lile neno. Halafu akafungua ukurasa mtupu na kumtazama Mukashema, akisubiri.

"Haya, andika, mwalimu," Mukashema alisema. "Nilikuwa na miaka thelathini na mmoja, na mtoto mgongoni."