Mgeni Aliyegusa Matumbawe

Doa lenyewe lilikuwa dogo, la mviringo, jeupe pe, kwenye ncha ya tumbawe la zambarau. Mwanamume mwingine angelipita. Masrani aliliona kabla hajavua viatu.

"Ding," alimwita mkewe kama waume wa Kibanjar wanavyowaita wake zao, "nani ametia mkono kwenye tangi?"

"Mimi?" Rusmini alijibu kutoka jikoni. "Tangu lini mke mkubwa akashika vyombo vya mke mdogo?"

Hivyo ndivyo alivyoliita lile tangi, mke mdogo, na uke wenza ule ulimchoma kuliko wa nyama na damu, maana mke mwenza wa kweli angalau hununa, huugua, huzeeka. Huyu wa kioo alikaa sebuleni, mrefu kama kitanda, amejaa maji ya bahari, amevishwa taa za buluu, na ana kipoza joto chake mwenyewe, wakati Rusmini akijipepea kwa mfuniko wa sufuria. Umeme ulipokatika, na mjini Balikpapan umeme hukatika kama mtu anavyopiga chafya, Masrani aliwasha jenereta kwa ajili ya pampu ya matumbawe. Mkewe akapewa mshumaa, na akaambiwa auchunge usiunguze nyumba.

Wafugaji wote wa matumbawe pale mjini walimjua Masrani. Tumbawe likinuna, likijikunja, likipauka, wanamwita yeye. Atakuja, atanusa maji, atauliza maswali kwa sauti ya daktari wa wazazi: chumvi kiasi gani? Taa mmebadilisha? Jirani yake hapo ni nani, si anamwasha? "Tumbawe halifi ghafla," alipenda kuwaambia. "Linaanza kulalamika mapema. Ninyi ndio hamsikii." Rusmini aliyasikia maneno hayo kupitia ukuta wa mbao huku akikuna nazi, akacheka kicheko ambacho hata mbuzi ya nazi ilikionea haya.

Basi Masrani akampima mgonjwa wake. Chumvi sawa. Joto sawa. Chokaa ya maji sawa. Akamwita rafiki yake Fahri, naye mfugaji, mtu wa tumbo kubwa na mzaha mkubwa zaidi.

"Taa kali hiyo," alisema Fahri.

"Taa kali hupausha sehemu yote ya juu. Hili ni doa moja."

"Samaki anadonoa."

"Samaki akidonoa anaacha mchubuko kwenye mfupa. Hapa mfupa mzima, nyama tu ndiyo imeondoka. Safi, kama imelambwa."

"Wadudu basi."

"Nimetazama chini yake kote. Hakuna yai, hakuna konokono."

"Basi ni mkeo. Mie ningekuwa yeye ningelitia sabuni zamani."

"Wazo zuri, Fahri," alisema Rusmini akipita na birika. "Ila sabuni ghali, nakuwekea wewe kwenye chai."

Walicheka. Kesho yake alasiri hakucheka mtu. Tumbawe la pili lilikuwa na madoa manne upande huu, yamepangana, na moja upande wa nyuma. Fahri aliyatazama, akainua mkono wake, akausogeza kwenye kioo, vidole vinne mbele, gumba nyuma. Ulilingana sawasawa. Aliuteremsha polepole, akaufuta kwenye suruali ingawa haukuwa na maji.

"Kaka Mas," alinong'ona, "huyu si samaki." Akakumbuka kwamba ana shughuli kwao.

Baada ya hapo ikaja harufu, ile ya pwani maji yakiwa yamekupwa, tope na vitu vilivyofia juani, ikaingia hadi kwenye mito ya kulalia. Ikaja na sauti ndani ya bomba la kushushia maji. Halikuwa bubujiko la kawaida. Ilikuwa fundo dogo, kimya, kisha mlio wa ulimi, kama mama mkwe anavyoonja mchuzi wako na kuamua asiseme kitu. Masrani alikata ncha zilizougua, akapandikiza zilizobaki. Kila alichokipandikiza kiliguswa, na kilichoguswa kilibanduka nyama kutoka kwenye ncha kwenda kwenye shina, mpaka ukabaki mfupa.

Siku moja Rusmini aliegemea mlango wa jikoni akamtazama mumewe akila. Masrani hakula jikoni. Alibeba sahani yake ya wali wa manjano na samaki mpaka mbele ya tangi, akakaa mkewe akiwa kisogoni, akawadondoshea matumbawe uduvi uliosagwa, akasema kwa upole ambao Rusmini aliusahau tangu harusi, "Haya, karibuni tule."

Bomba likameza fundo. Ulimi ukalia.

"Kaka," alisema Rusmini, naye alimwita Kaka kama wake wa Kibanjar wanavyowaita waume zao, "unamkaribisha nani?"

"Matumbawe. Nani mwingine?"

"Na lile jiwe kubwa katikati ulilitoa wapi?"

Masrani alichambua mwiba wa samaki. "Kwenye mdomo wa ghuba. Pale wavuvi wasipotia nanga."

"Uliomba ruhusa?"

"Kwa jiwe?"

Rusmini alikaa sakafuni. Kwao mtu akikaribishwa chakula haondoki hivi hivi. Umeshiba, una haraka, chakula chenyewe hukipendi, utanyoosha kidole, utagusa sahani, utapeleka mdomoni. Ukiondoka bila kugusa, kapuhunan inakufuata njiani: nyoka, pikipiki, ubao uliooza chini ya mguu wako. Mtoto hufundishwa hilo kabla ya kufundishwa kuhesabu.

"Jiwe lina mwenyewe," alisema kwa sauti ya chini. "Umemleta nalo. Na kila siku unamkaribisha, tena kwa heshima. Hana njaa, Kaka. Anagusa tu, asije akapatwa na mabaya."

Masrani, daktari wa matumbawe ya watu, akatazama yale madoa ya ncha za vidole, akaiondoa sahani yake mbele ya kioo.

Walimwita Julak Bahran, kaka mkubwa wa mama yake Rusmini, mzee aliyesoma dua za kuwatoa majini na aliyekuwa na goti bovu. Alisoma mbele ya tangi mpaka sauti ikamkauka. Kisha akakaa, akajikanda goti.

"Hana ubaya," alisema. "Ana adabu kukushinda wewe, Masrani. Mkeo umemkaribisha lini mara ya mwisho?"

Masrani alimsogezea mzee mto wa kuegemeza goti.

"Lirudisheni jiwe lilikotoka. Usiseme tena karibu mbele ya kioo hicho. Ataondoka, mgeni asiyekaribishwa huondoka. Ila mwenye adabu hulipa. Kabla hajaondoka naye atakaribisha, mara moja. Asiitike mtu. Asiguse mtu."

"Na kapuhunan, Julak?" aliuliza Rusmini.

"Kapuhunan ya pikipiki ina hospitali, mwanangu. Anakopelekwa aliyeitika hata mlango wa kurudia hakuna."

Jiwe likarudi ghubani kwa mashua ya kukodi. Matumbawe hayakungoja. Yalikufa yote, yakatiwa kwenye ndoo, meupe kama kifusi. Masrani akamwaga maji, akazima taa za buluu, akakausha kioo kwa taulo, taulo zuri la Rusmini. Mke mdogo alikuwa ameachika, lakini mume hakurudi kwa mkubwa. Alikaa kwenye ngazi akitazama barabara.

Ilikuwa kabla ya magharibi, jua limelala juu ya mabati, Rusmini akipita sebuleni na sufuria ya wali, harufu ya maji kupwa ilipomkuta uso kwa uso. Tangi lilikuwa tupu na kavu. Na kutoka ndani yake sauti, si ya kike si ya kiume, sauti ya mtu aliyelelewa vizuri, ikasema, "Rusmini, karibu tule."

Alijua asiitike, alijua asiguse, alikuwa ameyarudia maneno ya Julak mpaka yakawa kama wimbo wa kutwangia, lakini hakuna aliyemwonya kwamba lile jina lake litatamkwa kwa upole namna ile, katika chumba kile kile ambamo tangu alipoletwa bi harusi alipita na sahani, na birika, na fagio, akitazama kisogo cha mtu anayeyakaribisha mawe, na mkono wake ukaanza kuinuka, si kwa hofu, hofu angeishinda, ukainuka kwa njaa, njaa ya kuitwa tu, ukavuka ukingo wa kioo, ukasikia ubaridi ambao haukuwa na maji na bado ulilowesha, na kwenye ubaridi ule kulikuwa na kitu kimemnyooshea sahani.

Bega likampiga kifuani, akaanguka, sufuria ikabingirika.

"Naam," alisema Masrani. "Mimi hapa. Nimekuja badala yake."

Alitia mkono tangini mpaka kwapani, ndani ya tangi kavu, akautoa ukichuruzika. Akaweka kidole mdomoni. Ulimi ukalia mara moja, kwa kuridhika, na harufu ikatoka nyumbani kama mtu anavyotoka akiwa ameaga.

Masrani hakuenda popote. Hilo ndilo majirani walilomshukuria Mungu. Sasa anakula jikoni, kwenye mkeka, anamkabili mkewe, kama Rusmini alivyoomba miaka yote. Ila chakula hakili. Rusmini akisema karibu, ananyoosha kidole kimoja, anagusa ukingo wa wali, anapeleka mdomoni, anarudisha mkono gotini. Palipoguswa pananuka pwani. Na ncha za vidole vyake zimepauka, weupe unateremka kuelekea kiganjani. Mkewe hahitaji daktari wa kumweleza unakokwenda.

Julak alikuja, akamtazama, akamvuta Rusmini kwenye ngazi.

"Acha kumkaribisha," alinong'ona. "Ataondoka."

"Aende wapi? Hapa kwake."

"Mumeo alishakwenda, mwanangu. Aliitika."

"Na huyu aliyekaa ndani?"

Mzee alitafuta viatu vyake kwa muda mrefu, ingawa alikuwa amevivaa.

Rusmini akarudi jikoni, akapakua wali, sahani mbili. Yule mwanamume alikuwa ameketi kwa adabu, mikono magotini, akimtazama usoni kwa makini namna ambayo Masrani hakuwahi kumtazama. Akangoja. Harufu ya pwani ikaanza kumtoka taratibu, kama mtu anayejiandaa kuaga. Rusmini aliliona hilo, akajua kwamba akinyamaza mpaka wali upoe, yatakuwa yamekwisha.

Mvuke wa wali ukapungua.

"Karibu, Kaka," akasema.