Mngurumo wa Jumanne

Pynskhem Kharsati alikuwa amelala chali kando ya pedali zake za kubadilisha sauti, gitaa la besi likiwa bado limening'inia begani. Kwenye pedali mojawapo taa ndogo ya kijani ilikuwa inawaka, kana kwamba wimbo ungeendelea.

Inspekta Ridalin Mawlong alipiga magoti. Mdomo wa chini wa kijana ulikuwa na doa jeusi la kuungua. Vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa na alama nyembamba, pale vilipobana nyuzi.

"Umeme," alisema Konstebo Shanbor.

"Hilo naliona, Shanbor. Umetoka wapi?"

Ukumbi ulikuwa juu ya karakana ya magari mtaani Mawprem. Mvua ya Julai ya Shillong, mji wa milimani India, haijui kubisha hodi. Ilikuwa imepenya paa na kudondoka juu ya amplifaya ya besi, na mtu alikuwa ameweka ndoo pale, akachelewa. Mwenye ukumbi alikuwa Starwell Kharsati, ambaye watu humwita Bah kwa heshima, mpiga gitaa mkongwe, kiongozi wa bendi na mjomba wa marehemu. Alikuwa ameketi sakafuni, mikono imelala magotini.

"Eleza, Bah Starwell."

"Alisogelea maiki aitikie. Mdomo ukagusa. Akakauka palepale."

"Nani alikata umeme?"

"Mimi. Nilichomoa plagi ya amplifaya. Nikamkandamiza kifua, nikampulizia. Inspekta, huyu mimi nimemlea."

"Mlikuwa akina nani humu?"

"Sisi wawili na Banri, mpiga ngoma. Banri alikimbia chini kuita msaada."

"Kuna chombo kipya leo?"

Starwell alinyoosha kidole kwenye sanduku jeusi chini ya ubao wa pedali. "Hilo. La kugawa umeme kwa pedali zake. Fundi Kyrmen kalileta mchana huu huu. Alikuwa peke yake na vyombo wakati tunakula. Miaka yote tumepiga bila hilo, hakufa mtu."

Jioni hiyo Kyrmen Suting alilala mahabusu. Kulipokucha, vijana wa ukoo wa Kharsati walikwenda kwenye kibanda chake sokoni wakavunja mlango, wakamwaga vyombo vya watu kwenye tope. Mkewe aliokota alivyoweza. Hakuna aliyemsaidia, na mimi nasema ilikuwa aibu ya mtaa mzima.

*

Kyrmen alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa gundi. Ridalin alimwekea chai mbele.

"Nieleze kama unavyomweleza mteja mbishi," alisema.

"Pynskhem ndiye aliyekuwa mteja mbishi, Kong." Kyrmen alimwita dada kwa Kikhasi, akajaribu kutabasamu. "Alikuwa na pedali kama duka zima. Nyingi za gitaa, zinakula sauti ya chini, besi inabaki kama nyuki kwenye kopo. Nikamwambia, mdogo wangu, unanunua viatu vya harusi na suruali huna! Anza na umeme. Pedali baadaye."

"Akasikia?"

"Baada ya kunitukana, ndiyo. Akauza zote, akabaki na tatu za besi kweli. Akaniomba sanduku jipya."

"La zamani lilikuwa na nini?"

"Lilikuwa la bati, kila kitu kimeshikana humo. Pedali na bati, bati na ethi ya ukutani, ule waya wa kwenda ardhini. Amplifaya nayo ina ethi yake. Zinakuwa njia mbili za kwenda ardhini, umeme unazunguka kati yake, na besi inanguruma. Mmmmm, mchana kutwa. Langu jipya linatenganisha kila pedali na njia yake. Mngurumo unakwisha."

"Na mtu anakufa?"

Kyrmen aliweka kikombe chini. "Kong, kinachotoka kwenye sanduku langu kuingia kwenye pedali ni volti tisa. Hakiui hata panya. Aliyemuua ni umeme wa ukutani. Na umeme wa ukutani uko kwenye amplifaya."

"Basi amplifaya ilivuja."

"Hata ikivuja! Ethi inaupeleka ardhini, fyuzi inakatika. Unapata giza, hupati maiti." Alishika kichwa. "Nimelifikiri hili mpaka kichwa kinauma. Sielewi."

Ripoti ya maabara nayo haikuelewa. Uchunguzi wa maiti ulisema umeme uliingia kwa vidole ukatokea mdomoni. Sanduku la Kyrmen lilikuwa zima. Ndani ya amplifaya maji ya mvua yalikuwa yameupeleka umeme wa ukutani kwenye bati, na kutoka hapo hadi kwenye nyuzi za besi. Lakini waya wa amplifaya ulikuwa kamili, plagi ina pini zake tatu, na fyuzi ilipaswa kukatika mara moja. Haikukatika.

"Mkuu anasema tumfikishe fundi mahakamani," alisema Shanbor. "Kuua kwa uzembe. Eti aligusa amplifaya wakati yuko peke yake."

"Nani aliona akigusa?"

"Hakuna. Lakini ukoo unapiga kelele, Afande. Na Bah Starwell ni jina kubwa."

"Jina kubwa halipitishi umeme," alisema Ridalin, akachukua koti lake la mvua.

*

Nyumbani kwa marehemu, Kong Thrina, mama yake, aliwakaribisha kwa sinia la popoo kama anavyokaribishwa kila anayeingia nyumba ya Mkhasi, mwenyeji wa milima ile. Mikono yake ilipaka chokaa kwenye jani la tambuu bila yeye kuiangalia.

"Mwanangu anatafuna popoo nyumbani kwa Mungu," alisema. Ndivyo wasemavyo pale juu ya aliyefariki. "Lakini nani kampeleka mapema hivi, Inspekta? Hilo tu nataka. Kaka yangu ananiambia ni fundi. Nimjue, nimchukie vizuri, nipumzike."

Ridalin alipokea popoo kwa mikono miwili na kutafuna, na ukali wake ukampanda masikioni.

Banri, mpiga ngoma, alikuwa jikoni akisaidia kupika. Msichana alikuwa amekonda kwa siku zile chache.

"Huwa mnarekodi mazoezi?" Ridalin alimuuliza.

"Kwa simu yangu. Pynskhem alitaka ajisikilize." Machozi yalimlengalenga. "Jamani, alikuwa haridhiki huyo."

"Niwekee nisikilize."

Mazoezi ya Jumanne: chini ya kila kitu, mngurumo. Wimbo ulipofika mahali pa utulivu, mngurumo ulisikika peke yake, na sauti ya Pynskhem ikisema, "Vumilia, mjomba, Jumamosi sanduku linakuja."

Mazoezi ya Alhamisi: mahali palepale pa utulivu palikuwa kimya. Besi iliingia safi, nzito, ya kupendeza.

Ridalin aliomba irudiwe.

"Alhamisi alitumia sanduku lipi?"

"La zamani. Jipya lilikuja Jumamosi, siku ile..."

"Nyuzi alibadilisha? Pedali?"

"Hapana. Hakuna alichobadilisha. Yeye mwenyewe alishangaa, akauliza mbona kumetulia."

"Akamuuliza nani?"

"Mjomba wake."

*

Kesho yake Ridalin alimwita Starwell ukumbini. Amplifaya ya besi ilikuwa imerudi kutoka maabara, imekaushwa na kutengenezwa. Ubao wa pedali ulikuwa mahali pake, lakini chini yake sasa lilikaa lile sanduku la zamani la bati. Kyrmen aliunganisha kila kitu huku Shanbor akimsimamia na pingu mkononi, amezishika kwa haya kidogo.

"Huyu anafanya nini humu?" Starwell aliuliza.

"Anatusaidia. Shanbor, washa."

Mmmmmm. Mngurumo ulijaa ukumbi hadi kwenye madirisha.

"Huu ndio wa Jumanne," alisema Ridalin. "Vyombo ni vilevile. Sanduku lilelile. Basi na Alhamisi ungekuwapo. Mbona haukuwapo?"

"Umeme una tabia zake, Inspekta."

"Kyrmen, kitu gani kingine kinaondoa mngurumo?"

"Kukata pini ya ethi kwenye plagi ya amplifaya," alisema Kyrmen polepole, na uso wake ukabadilika, kwa kuwa sasa alielewa. "Njia inabaki moja. Kunatulia."

"Lakini plagi hii ina pini zote tatu. Kwa hiyo Alhamisi haikuwa plagi hii, wala siku ya kifo. Waya wa amplifaya huchomolewa; mtu kaubadilisha kabla sijafika."

"Huyo fundi alikuwa peke yake na vyombo!" Starwell alipaza sauti.

"Fundi aliondoka kijana akiwa hai. Kabla ya kifo, angebadilisha ili iweje?" Ridalin aligeuka. "Bah Starwell, amplifaya yako ya gitaa imechomekwa wapi?"

"Pale ukutani."

Ridalin alikwenda, akaichomoa, akarudi ameishika plagi kiganjani. Ilikuwa na pini mbili za chini. Pale juu, pa ile pini nene ya ethi, palikuwa na kisiki cha shaba kilichokatwa kwa msumeno, kimechakaa kwa miaka.

"Imefanyaje hii?"

"Imefanyaje nini?" Starwell aliitazama, kwa kweli hakuona kitu. "Iko sawa."

"Ina pini mbili."

Mzee alifungua mdomo. Akaiangalia plagi tena, na safari hii aliiona. Miaka yote hiyo plagi kwake ilikuwa ni kitu cha pini mbili. Alikumbuka kuficha waya wa mpwa wake. Wake mwenyewe haukumjia hata akilini.

"Zima hiyo kelele," alisema. "Tafadhali."

Shanbor alizima. Mvua ilisikika juu ya bati.

"Ulikata lini?"

"Jumatano. Pynskhem hakuwapo." Starwell aliketi kwenye kiti cha mpiga ngoma. "Pale pa utulivu nilipatunga kwa ajili ya marehemu mama yetu. Mngurumo ulikuwa unapachafua. Yeye ananiambia nisubiri Jumamosi. Nikasema moyoni, mtoto wa juzi anifundishe mimi umeme? Sisi zamani tulikata pini, tukapiga, tukazeeka. Nikakata. Alhamisi akaniuliza, 'Mjomba, umefanyaje?' Nikamwambia, uganga wa wazee. Akacheka sana."

"Na Jumamosi mngurumo ungekwisha wenyewe."

"Ungekwisha."

"Lile la zamani," Kyrmen alisema kwa sauti ya chini, "kwa ubovu wake wote, lilikuwa bado linaiunganisha amplifaya na ardhi, kupitia waya wa pedali. Langu lilipotenganisha, amplifaya ikabaki haina ethi kabisa, umeme ukapitia kwake hadi kwenye maiki. Mimi sikuitazama plagi. Ningeitazama tu."

"Wewe usinibebee," Starwell alimkatiza. "Hii ni yangu."

Ridalin aliuliza swali ambalo hakutaka kuliuliza. "Ulimpulizia kwanza, au ulibadilisha waya kwanza?"

Shanbor alitazama viatu vyake.

"Nilimpulizia. Naapa kwa jina la mama yangu. Banri alikuwa chini. Nilimpulizia hadi nikajua amekwenda. Halafu nikaiona plagi iko pale sakafuni, pini mbili, inanitazama. Waya mzima ulikuwa kwenye begi langu."

"Uliokatwa uko wapi?"

"Ndani ya sanduku la gitaa langu. Kuutupa nilishindwa."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningemwambia nini Thrina?" Sasa alilia waziwazi, mzee mzima, bila kujifuta. "Kwetu mtoto wa dada yako unaulizwa wewe. Baba yake alipoondoka, Thrina alinishika mkono akasema, huyu ni wako. Besi yake ya kwanza nilimfunga mkanda mimi. Nimwambie mkono uleule ndio umemuua?"

"Ukamwachia Kyrmen."

"Nilidhani watamtoa baada ya siku chache."

"Kibanda chake kimevunjwa. Watoto wake wanazomewa njiani."

"Nilisikia. Nikanyamaza." Aliinua uso akamtazama fundi, na Kyrmen akautazama ukuta. "Inspekta, nifunge. Lakini niache nikamwambie dada yangu mwenyewe. Asisikie kwa watu."

Shanbor alimwambia Kyrmen kwamba yuko huru. Pingu alibaki nazo mkononi, hakumfunga mzee.

*

Kong Thrina alisikiliza amesimama. Starwell alisema yote: pini, waya, jina la Kyrmen alivyolitumia kama ngao. Hakujitetea popote. Alipomaliza, dada yake alikwenda jikoni, wote wakasikia kisu kikipasua popoo ubaoni.

Alirudi na sinia. Alimpa Ridalin, akampa Shanbor. Mbele ya Kyrmen alisimama kidogo zaidi, akampa kwa mikono miwili na kusema, "Nilikuwa nakuchukia, ndugu yangu. Nisamehe." Kyrmen alipokea, akainamisha kichwa.

Katika nyumba ile Starwell hakuwahi kukaribishwa popoo. Siku zote aliingia na kujichukulia kikapuni, kama afanyavyo mtu kwao. Sasa Thrina aliweka jani lenye popoo kwenye ukingo wa sinia, akalisogeza mbele yake, mkono mmoja chini ya kiwiko cha mwingine, kwa adabu yote wanayofanyiwa wageni.

"Karibu, Bah Starwell Kharsati," alisema.

"Thrina..."

"Mwanangu anatafuna yake kwa Mungu. Wewe tafuna hii, halafu uende na Inspekta."

Aliipokea. Chokaa ilimchafua vidole, na alikaa nayo hivyo kiganjani hadi Ridalin alipomwambia kwamba gari limefika.