Sahihi ya Kahigi

"Tubadilishe mada ya mdahalo," Kahigi alisema.

Alistidia alikuwa amesimama juu ya benchi mbele ya ubao wa matangazo, anabandika ratiba ya Wiki ya Chuo. Jumatatu usafi na kupanda miti. Jumatano maonyesho ya kazi za wanafunzi, kuanzia magauni na mikate hadi viti vya mbao. Ijumaa bonanza, walimu na wanafunzi wavutane kamba. Jumamosi saa nane mchana, mdahalo kwenye bwalo la chakula, wazazi na wanakijiji wote wanakaribishwa.

"Ina shida gani?" aliuliza bila kugeuka.

"Nzito. Watu wanakuja kufurahi."

"Watafurahi Ijumaa. Jumamosi watafikiri."

Mada yenyewe ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nyekundu: Mjane ana haki ya kubaki kwenye kibanja cha marehemu mumewe. Kibanja kwa Wahaya ni shamba la migomba lenye nyumba na makaburi ya ukoo. Waunga mkono walikuwa wawili, Alistidia na Kahigi.

Chuo chao ni kile cha maendeleo ya wananchi, nje kidogo ya mji wa Muleba, ambako watu wazima waliokatisha shule wanarudi kujifunza ufundi. Alistidia alikuwa na miaka ishirini na tisa, anasoma ushonaji. Aliolewa akiwa na ishirini na mbili, mume akafariki kwa ugonjwa wa figo, na kabla ya arobaini kwisha wakwe walimwambia arudi kwao kwa sababu alizaa mtoto mmoja tu, tena wa kike. Alirudi kwa mama yake Kitendaguro, Bukoba, na godoro moja na mtoto mgongoni. Sasa mtoto huyo, Joanitha, alikuwa na miaka mitano, anashinda kwenye darasa la watoto palepale chuoni wakati mama yake akiwa kwenye cherehani.

Kahigi alikuwa wa Izimbya, miaka thelathini na mbili, anasoma umeme wa majumbani. Mtu mpole, hana maneno mengi. Walikutana kwenye kamati ya matukio ya chuo, Alistidia katibu, Kahigi mtu wa vipaza sauti na nyaya. Mapenzi yao yalianza polepole. Kahigi alianza kwa kumpokea Joanitha saa za mvua, akaendelea kwa kumsikiliza mama yake. Miezi saba Alistidia alimsimulia yote yaliyompata kwa wakwe, tena na tena, kama mtu anayetoa mwiba. Kahigi alisikiliza kila mara, akiinamisha kichwa. Alistidia aliona ule ni uchungu wa mtu anayempenda.

Wiki mbili kabla ya mdahalo Kahigi alikuwa amemwambia anataka kwenda Kitendaguro kujitambulisha kwa mama yake. Alistidia alisema ipite kwanza Wiki ya Chuo.

Siku ile ya ubao wa matangazo Kahigi alikwenda pia kwa Mwalimu Annastella, mlezi wa kamati, kuomba atolewe kwenye mdahalo. Alisema ana kazi ya waya na vipaza sauti. Mwalimu akamjibu kwamba vipaza sauti vikishawashwa vinajiendesha vyenyewe, akaandae hoja zake. Kahigi hakuwa na sababu nyingine anayoweza kuisema.

Jumamosi bwalo lilijaa. Akina mama wa kijijini walikaa mbele na vitenge vyao vya kanisani, wanafunzi wakasimama hadi madirishani. Alistidia alikuwa amefanya jambo moja ambalo hakulitangaza hata kwa Kahigi, maana alitaka liwe zawadi kwa kamati. Alimwalika mgeni wa kutoa ushuhuda, mwanamke aliyekutana naye kwenye kikundi cha wajane Bukoba. Jina lake Joviana, mkazi wa Buhembe, wengi wakimwita Mama Joyness kwa jina la binti yake wa kwanza.

Joviana aliposimama, Kahigi alikuwa ameinama chini ya meza anaunganisha waya. Aliisikia sauti kabla ya kuiona sura. Akabaki pale chini muda mrefu kuliko waya ulivyohitaji.

"Mimi niliolewa Izimbya," Joviana alieleza, bila haraka. "Mume wangu alikuwa na mdogo wake wa mwisho, yatima. Nilimpokea ana miaka tisa. Nilimpikia, nilimfulia, nilimpeleka shule. Mume wangu alipofariki, ukoo ulikaa kikao. Waliandika karatasi kwamba mimi na binti zangu wawili tuondoke. Wanaume watano walitia sahihi. Wanne sikuwashangaa. Wa tano alikuwa yule mtoto."

Joviana hakulia wala hakutaja jina. Alipogeuka kurudi kwenye kiti ndipo macho yake yalipokutana na ya Kahigi, aliyekuwa sasa amesimama kando ya meza. Alistidia, aliyekaa karibu, aliona mgeni wake anasita.

"Wasibota, Kahigi," Joviana alimsalimia taratibu, kama wanavyosalimiana Wahaya mchana. Akakaa.

Mwongozaji alimwita msemaji wa pili wa waunga mkono. Kahigi akasogea kwenye kipaza sauti na karatasi yake. Alisoma mstari wa kwanza, akasoma wa pili, kisha akaikunja.

"Sina haki ya kusoma hii," alisema. "Yule wa tano ni mimi."

Minong'ono ikaanza nyuma. Yeye akaendelea, macho yakiwa mezani. Alieleza kwamba wakati ule alikuwa na miaka ishirini na tano. Kaka yake mkubwa, Ishengoma, alimwambia kwamba mama huyu bado kijana, ataolewa kwingine na kibanja kitahamia ukoo wa watu. Akaahidiwa sehemu ya chini, penye migomba mipya, ajenge kwake.

"Sikulazimishwa," alimalizia. "Nilitaka ile sehemu. Mada hii ni ya kweli, lakini msiisikie kutoka kwangu."

Alitoka kwa mlango wa jikoni. Mwalimu Annastella alimtazama Alistidia, Alistidia akasimama, akachukua nafasi ya msemaji wa pili na kuzungumza dakika zake zote bila kukosea. Waunga mkono walishinda. Watu walipiga makofi, naye hakuyasikia.

Jioni ile alimkuta Kahigi nyuma ya karakana ya umeme, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Miezi saba," Alistidia alisema. "Nilikueleza jinsi walivyotoa vyombo vyangu nje. Ulikuwa unasikiliza nini?"

"Nilikuwa namsikia yeye."

"Na ukanyamaza."

"Niliogopa utaondoka."

"Leo umesema kwa sababu alikuwa amekaa mbele yako. Asingekuja?"

Kahigi alifikiri. Angeweza kudanganya, na pengine uongo ungemsaidia.

"Nisingesema," alijibu.

Alistidia akatikisa kichwa taratibu, akaenda kumchukua mtoto. Usiku huo simu yake ilipokea ujumbe mmoja: "Sikuombi unisamehe. Naomba tu ujue kwamba nilichokuambia kuhusu wewe na Joanitha hakikuwa uongo." Hakuujibu. Kesho yake, baada ya ibada, aliandika wa kwake: "Usije Kitendaguro. Usinipigie."

Jumatatu Kahigi aliomba ruhusa chuoni, akaenda Izimbya.

Hakumwambia mtu anachokwenda kufanya. Alimkuta Ishengoma kwenye kibanja anafyeka majani makavu ya migomba, akamsalimia kwa heshima zote, akimwita tata kama aitwavyo aliye mahali pa baba, kisha akamweleza kwamba anaiondoa sahihi yake kwenye ile karatasi. Atakwenda baraza la ardhi pamoja na Joviana, ataeleza kikao kilivyokaa na nani alisema nini. Na ile sehemu ya chini haitaki.

Ishengoma aliweka panga chini. Alikuwa mzee wa ukoo, mtu wa kusikilizwa.

"Mwanamke wa chuoni ndiye aliyekutuma?"

"Hapana, tata. Huyo hata simu zangu hapokei."

"Basi unafanya kwa faida gani?"

"Mama Joyness alinilea."

"Hapa ndipo alipozikwa baba yako. Ukitusemea barazani, hapa huna nafasi. Ukifa utazikwa wapi?"

Swali hilo kwa Mhaya si dogo. Kahigi alitazama kule kwenye makaburi ya wazee, katikati ya migomba.

"Sijui," alisema hatimaye. "Lakini nikizikwa hapa huku yeye amefukuzwa, nitalalaje?"

Ishengoma aliokota panga lake, akamgeuzia mgongo. Mazungumzo yakaishia hapo.

Shauri lilichukua miezi minne. Kahigi alikuwa akitoka darasani Muleba, anakwenda barazani, anarudi, bila kumwambia mtu. Ndugu zake wanne walikuja kumpinga wote pamoja. Alieleza yaleyale kila alipoulizwa, hata yale yaliyomwaibisha yeye. Chuoni watu walimsema kwa yale ya mdahalo wiki mbili tatu, kisha wakachoka. Kwenye kamati ya matukio aliendelea kufunga vipaza sauti, Alistidia akaendelea kuandika ratiba. Walizungumza mambo ya viti na maturubai. Joanitha peke yake ndiye hakuelewa, alikuwa bado anamkimbilia mvua ikinyesha, na mama yake hakumzuia.

Siku moja mchana, Alistidia akiwa anapinda upindo wa gauni, simu iliita. Ni Joviana.

"Mwanangu, baraza limetoa uamuzi. Narudi Izimbya mimi na binti zangu. Nyumba na kibanja chote."

Alistidia aliacha cherehani. Alimpongeza mpaka sauti ikamkauka.

"Lakini kuna jambo nadhani hulijui," Joviana aliendelea. "Kahigi amesimama na mimi tangu siku ya kwanza. Ndiye shahidi wangu. Hakukuambia?"

"Hapana."

"Basi. Sikupigii kumwombea, waitu, mwenzangu. Mimi mwenyewe nilikaa miezi miwili bila kumpa mkono. Nimekupigia kwa sababu wewe ndiye uliyenialika pale chuoni, na ni haki yako ujue kilichotokea baadaye."

Alistidia hakushona tena siku ile. Alikaa akitazama kitambaa. Alikuwa ameshazoea kumfikiria Kahigi kama watu wale waliomtolea vyombo vyake nje, na mawazo hayo yalimtuliza, maana yalikuwa rahisi. Kati ya watu wale hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kusema nilikosea.

Hakumtafuta siku ile wala siku iliyofuata. Alimtafuta wiki ya mahafali, wakati kamati inapanga viti uwanjani. Alimpa upande mmoja wa turubai wakalikunjua pamoja.

"Kwa nini hukuniambia habari za baraza?" aliuliza.

"Ungeona nafanya ili unirudie."

"Na hukufanya kwa ajili hiyo?"

Kahigi alivuta kamba ya turubai, akaifunga kwenye mti.

"Siku nyingine nilitumaini hivyo," alikiri. "Lakini ningekwenda hata hivyo."

Alistidia alivuta upande wake wa turubai. Hilo jibu alilipenda kuliko kama angekana.

"Bado nina hasira," alisema.

"Najua."

"Sitaki kuishi kwenye kibanja cha ukoo. Cha kwenu wala cha wengine. Tutakapoishi, karatasi itakuwa na majina mawili."

Kahigi aligeuka taratibu. "Umesema tutakapoishi."

"Nimesikia nilichosema. Shika kule, turubai linaanguka."

Mahafali yalipita, Alistidia akiwa mshereheshaji na Kahigi kwenye vipaza sauti. Mwezi mmoja baadaye ikaja siku ya Kahigi kwenda Kitendaguro kujitambulisha, na hapo palikuwa na tatizo. Kijana haendi kuposa bila wazee wa kwao. Ishengoma alikataa, ndugu wengine wakamfuata. Mama yake Alistidia, Mama Kokuhirwa, Mlutheri wa siku nyingi asiyependa mambo ya kuruka taratibu, alikuwa ameshasema kwamba mwanaume asiye na mtu wa kumsemea hatamkaribisha, maana binti yake alishaumizwa mara moja na watu wasiojulikana vizuri.

Siku yenyewe wajomba wa Alistidia walikaa sebuleni, nyasi mbichi zimetandikwa sakafuni kama ilivyo desturi. Kahigi aliingia amevaa koti la kuazima. Nyuma yake aliingia mtu mmoja tu, Joviana.

Mama Kokuhirwa aliwatazama wote wawili. Aliuliza wanaume wa upande wa kijana wako wapi. Kahigi alijibu kwamba hawakutaka kuja.

"Basi nani anamsemea huyu?"

"Mimi," Joviana alisema.

Mjomba mmoja alikohoa. Kwa kawaida kazi hiyo si ya mwanamke, tena mjane. Joviana alisubiri amalize kukohoa.

"Mimi ndiye niliyemlea," alisema. "Alikula jikoni kwangu. Alipokuwa mkubwa alisaini nifukuzwe, nikalala kwa watu na wanangu miaka saba. Halafu akaja peke yake, akasimama barazani mbele ya kaka zake, akasema nilikosea. Leo hana nafasi kwao kwa sababu hiyo. Wazee wengine wangekuja hapa wangewaambia mema yake tu. Mimi nawaambia yote. Na baada ya hayo yote, mimi ndiye niliyekuja naye."

Alistidia alikuwa chumbani nyuma ya pazia, ameshika mkono wa Joanitha.

Mama Kokuhirwa aliinuka. Alichukua kijikapu cha kahawa za kutafuna, zile anazopewa mgeni anayepokelewa kwa moyo. Aliwapita kaka zake, akampita Kahigi, akapiga goti mbele ya Joviana na kumpa kwa mikono miwili.

"Karibu, mkwe," alisema. "Tuzungumze."